Nilibadilisha Beberu wa Ntheo kwa Kabureta

Mimi ndiye nilimpeana beberu wa ntheo ya kaka yangu kwa mtu nisiyemjua, nikapewa kabureta ya gari kuukuu. Haya, nimesema! Chekeni mmalize, halafu mnisikize.

Kwa wale si Wakamba, wacha niwaeleze kabla hamjasema ni mbuzi tu. Ntheo ni mbuzi watatu ambao mwanamume anapeleka kwa kina msichana. Majike wawili wanabaki huko. Beberu anachinjwa siku hiyo hiyo, pande zote mbili zinakula nyama pamoja, na hapo ndipo msichana anakuwa bibi ya mtu. Bila huyo beberu unaweza kuishi na yeye mpaka mzae timu nzima ya mpira, na wazee bado watamwita mgeni wako.

Kwa hivyo mimi sikupoteza mbuzi. Nilipoteza bibi. Tena si wangu! Wa kaka yangu Muthama, ambaye ndiye ananilipia karo.

Nilivyofika hapo, sikilizeni.

Sisi ni watu wa Mukuyuni, kule Makueni. Marehemu babu alituachia pikapu ya zamani sana. Kule sokoni inaitwa Mzee wa Kanisa, kwa sababu inaanza na kikohozi, inaenda polepole, na ikishasimama mahali haiondoki mpaka watu waisukume. Msichana wa kaka, Mumbua, kwao ni Mutomo, mbali kabisa upande wa Kitui. Mbuzi watatu, wazee wawili wa ukoo, kina mama wa kwaya na kreti za soda hawatoshi kwa boda. Kukodi gari, mama alisema pesa hiyo haiko hata kwa ndoto.

Mara mbili tulipanga kwenda, na mara mbili Mzee wa Kanisa akagoma. Mara ya pili baba ya Mumbua alituma maneno: "Nawapa Jumamosi moja tu. Mkikosa, nitajua hamkuwa mnamtaka."

Fundi akafungua boneti, akachungulia, akafunga polepole kama mtu anafunga jeneza. "Kabureta imekufa. Na msiitafute kwa maduka. Wenzake wa hii gari walishaenda mbinguni."

Akatuambia kuna uwanja nje ya mji wa Kitui ambapo wenye magari ya kale hukutana. Wenyewe wanaita swap meet. Kila mtu anakuja na gari lake na vipuri vya ziada, wengine wanauza, wengine wanabadilishana. Bahati ni kwamba wangekutana Jumamosi ile ya kabla ya ntheo.

Muthama alikuwa kazini mjini Wote, kwa duka la hadwea, na bosi wake hatoi ruhusa hata ya kupiga chafya. Nani aende? Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Mum, nitume mimi. Mimi ni mtu wa bajeti. Si uliona Biashara nilipata A?"

Hiyo A ilikuwa ya jirani yangu kwenye mtihani, mimi nilikopeshwa tu. Lakini mama ni mwimbaji wa kwaya, anaamini watu.

Akatoa kitambaa chake, akafunga pesa mafundo matatu.

"Fundo kubwa ni la kabureta. La kati ni nauli, yako na ya mbuzi. Hili dogo ni la dharura. Dharura ni nini?"

"Nikiugua, nikiibiwa, nikikwama njiani."

"Njaa iko hapo?"

"Haiko."

"Kwa nini haiko?"

"Kwa sababu umenipakia muthokoi."

"Haya. Kabla ya kununua kitu chochote, nunua kilichokupeleka. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia, masikio yangu hayana shida. Shida iko katikati yake.

Mliskia akisema nauli ya mbuzi. Majike wawili tulikuwa nao nyumbani. Beberu alikuwa wa anko, kaka yake mama, ambaye anaishi karibu na Kitui mjini na alikuwa ameahidi kumsaidia Muthama. Anko alikuwa anasafiri asubuhi hiyo hiyo kwenda kutibu ng'ombe wa rafiki yake mahali simu haishiki. Kwa hivyo nilimpitia kwanza, nikachukua beberu, ndipo nikaenda uwanjani. Beberu alikuwa mkubwa, mweusi, na jicho moja limezungukwa na nyeupe kama amevaa miwani upande mmoja. Tulipanda boda, yeye katikati. Mwenye boda alisema huyo abiria ananuka kuliko wote amewahi kubeba. Nikamuuliza, mimi ama yeye? Akasema bado anafikiria.

Wasee, huo uwanja! Magari ya kale yamepanguswa mpaka unajiona meno. Wazee wa kofia wamesimama kando ya boneti zilizofunguliwa, wakiona haya na kujivuna kwa wakati mmoja, kama watu wanaonyesha mtoto aliyezaliwa juzi. Vipuri vimetandazwa chini kwa turubai vimepangwa mafungu mafungu kama nyanya za Mukuyuni.

Nilimfunga beberu kwa mti wa miiba. Nikafungua muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. Halafu upepo ukaleta harufu ya choma.

Nikajiambia: mtu aliyesafiri kutoka asubuhi, akibanwa na beberu kwa boda, huyo si mzima. Asiye mzima ni mgonjwa. Na mgonjwa ni nini? Dharura! Nikafungua fundo dogo. Muthokoi nikampa beberu, na alikula akiniangalia kwa lile jicho la miwani kama mwalimu wa zamu.

Kutoka hapo nikaona kirungu cha gia. Si kirungu cha kawaida. Ni cha plastiki ngumu unaona mpaka ndani, na ndani kuna nge wa ukweli, mkia juu! Mzee wa Kanisa kirungu chake kilitoka zamani, tunashika chuma tupu. Nikasema, gari lisilo na kirungu ni kama mtu amevunjika mkono. Amevunjika mkono ni nini? Mnajua jibu. Fundo dogo likaisha.

Hapo ningeacha, leo singekuwa naandika.

Kijana mmoja alikuwa anauza honi. Akabonyeza moja, ikatoa wimbo mzima wa disko, tarumbeta tupu, mpaka mzee mmoja akaangusha spana.

"Hii ni ya gari ya harusi," akaniambia. "Kwenu hakuna harusi?"

"Iko ntheo ya kaka yangu wiki ijayo."

"Na mnaenda bila honi? Mnaenda harusi ama matanga?"

Aiii! Huyo kijana angekuwa mhubiri, ningeokoka mara mbili. Nikafungua fundo kubwa. Lakini msinione mjinga, nilikuwa na hesabu! Nilisema hii nimekopa tu. Nikifika kwa kabureta nitabagein mpaka mwenyewe anionee huruma, na pengo litajifunga lenyewe. Hiyo ndiyo bajeti niliyofundishwa na A ya jirani.

Nikaanza sasa kutafuta kabureta. Nilikuwa nimebeba ile mbovu kwa begi ya shule ili nilinganishe. Turubai baada ya turubai, hakuna. Moja kubwa sana, nyingine ndogo kama ya pikipiki. Uwanja mzima ulikuwa na moja tu inayolingana, na mwenyewe alikuwa mzee mrefu wa kofia ya kahawia, ameketi kwa kiti cha kukunja kando ya gari lake la samawati, anakula ndizi.

Akataja bei. Ilikuwa haki kabisa. Ilikuwa karibu sawa na fundo kubwa, kabla fundo kubwa halijaimba disko.

"Mzee, punguza."

"Nimeshapunguza nikiwa nyumbani."

"Mzee, mimi ni mwanafunzi."

"Hata mimi nilikuwa."

"Mzee, hii ni maisha ya mtu."

Akaangalia mkono wangu, honi hapa, nge pale. "Naona."

Nikamwona Muthama kichwani mwangu, amevaa ile suti yake moja. Mzee akamaliza ndizi, akakunja ganda taratibu.

"Kavisi, leo si siku ya pesa tu," akasema, na kavisi kwa Kikamba ni kijana. "Leo ni siku ya kubadilishana. Una kitu gani?"

Huyo beberu ndiye alijibu! Kule kwa mti akatoa mlio mmoja mrefu. Mzee akageuka, akamtazama kutoka pembe mpaka kwato.

"Huyo ni wa nani?"

Hapa ndipo mngesema ukweli, nyinyi watu wazuri. Mimi nilisema, "Ni wangu."

"Jumamosi ijayo nina wageni," mzee akasema, akimpapasa mgongo. "Huyu atanifaa."

Sikuuliza wageni gani. Sikuuliza anatoka wapi. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kabureta, na roho yangu ilikuwa imetulia ule utulivu wa mtu mjinga. Nilianza kurudi Mukuyuni nikiimba.

Njiani ndipo akili ilipanda gari kunifuata. Sasa tuna gari la kupeleka ntheo, na hatuna ntheo ya kupeleka!

Nyumbani nilimwambia mama kwamba anko ameonelea beberu ni mzito kusafiri, atampeleka Mutomo yeye mwenyewe akirudi safari, kwani kwake si mbali na huko. Mama akajaribu kumpigia kumshukuru. Hapatikani. Nilimshukuru Mungu kwa kila mlima unaozuia mtandao.

"Na hizi ni nini?"

"Honi na kirungu? Nilipewa bure, Mum. Nilibagein vizuri wakanipa za juu."

Heri angenishuku! Alifurahi kupita kiasi. Jumatano kwa maombi alisimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda, kwamba Mungu amempa kijana ambaye anashika pesa ya mtu na inarudi imezaa. Watu wakapiga makofi. Mwenzangu mmoja wa darasa, anayenijua, alicheka mpaka akatolewa nje.

Mpango wangu? Nilikuwa na mpango. Tukifika Mutomo bila beberu, ningeshangaa kuliko wote.

Jumamosi Mzee wa Kanisa alikohoa mara moja tu, akawaka. Kabureta ilikuwa nzuri jamani, hilo lazima niseme. Tukapita Wote, Makindu, Kibwezi, tukaingia ile barabara ya Mutomo, kina mama wanaimba huko nyuma na majike wawili katikati yao. Muthama anaendesha, mkono juu ya nge, anatabasamu peke yake. "Umenisaidia, bro," akaniambia. Nikaangalia dirishani. Kulikuwa na punda. Nikatamani kuwa huyo punda.

Kufika kwa lango la kina Mumbua, shangazi zake wamejipanga, wanaimba. Muthama, kwa furaha, akabonyeza honi.

Tarumbeta! Disko! Mbele ya pasta wao na bibi yake! Shangazi mmoja akacheza kidogo kabla akumbuke ameokoka.

Halafu mlango wa nyumba ukafunguka, baba ya Mumbua akatoka kusalimu wageni wake. Mrefu. Kofia ya kahawia.

Mwaitu! Mama yangu, ni yule mzee wa kabureta! Mimi sikuwa nimewahi kumwona. Wazee walipokuja kujitambulisha mara ya kwanza nilikuwa shuleni nikifuata elimu, ona ilivyonilipa!

Mzee akaangalia pikapu. Akasikiliza injini ikinguruma, akainamisha kichwa kama mtu amesikia sauti ya mtoto wake kwa umati. Halafu akaniona.

"Kavisi! Umeniletea mbuzi ingine?"

Kabla sijafa vizuri, mama akageuka kando ya boma, na hapo kwa kivuli amefungwa beberu mweusi, jicho moja la miwani, anatafuna.

"Huyo ndiye beberu wa kaka yangu!" mama akapaza sauti. "Amefika kabla yetu! Mungu ni mwema! Asante sana baba kwa kumpokea."

"Kaka yako?" mzee akasema. "Mimi nilimpata kwa huyu kijana. Nilimpa kabureta. Akaniambia beberu ni wake."

Shangazi walikuwa wamefungua midomo kwa ubeti wa pili, wakaifunga. Mama hakuniangalia. Aliangalia honi. Halafu akaangalia kirungu chenye nge. Nikaona anafungua lile fundo kubwa kichwani mwake, noti baada ya noti, mpaka akafika chini.

Wazee wa pande zote wakaketi. Mzee mmoja wa kwao akasema neno lililonimaliza: "Huyu beberu ni mali ya mwenye boma. Mtu hapelekewi mbuzi yake mwenyewe. Kwa hivyo wageni wamekuja na mbuzi wawili. Hiyo si ntheo."

"Na mimi nilisema ni Jumamosi moja," baba ya Mumbua akasema. Hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya.

Mumbua alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kibao cha chapati mkononi, unga mpaka kwa viwiko. Alikuwa anamwangalia Muthama. Muthama alikuwa anaangalia viatu vyake, vile alivyopaka rangi usiku kucha. Mimi huwa nina mzaha wa kila mahali, hata matangani. Hapo nilitafuta mmoja nikakosa.

Ni mama aliyesimama. Akakaza leso kiunoni.

"Baba Mumbua, siku ile ilikuwa ya kubadilishana, si ndio?"

"Ndio."

"Mtoto alibadilisha kitu si chake. Hiyo haikuwa biashara. Basi tubadilishane tena, sisi wakubwa. Chukua kabureta yako, nipe beberu wangu. Halafu nikuletee kwa mlango wa mbele, vile inafaa."

Wazee wakatazamana. Yule mzee wa hesabu ya mbuzi akakuna kidevu, akasema hapo hakuna kosa analoona.

"Na mtarudi na nini nyumbani?" baba ya Mumbua akauliza.

"Hiyo ni ya baadaye," mama akasema. "Tulikuja kwa ajili ya msichana."

Jamani, mimi nimeona mambo, lakini kumwona kaka yangu siku ya ntheo yake akivua koti la suti, akikunja mikono ya shati jeupe, akifungua boneti na kutoa kabureta na spana mbele ya wakwe, huku kwaya ikisubiri! Alinipita akiwa ameibeba kwa mikono miwili, mafuta yanadondoka kwa suruali. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mzee akapokea kabureta. Mama akafungua kamba ya beberu, akamtoa nje ya lango, akamgeuza, akamwingiza tena akiimba. Sasa alikuwa ni wetu, halafu akawa wao, na shangazi wakapiga vigelegele kama hawajawahi kumwona. Akachinjwa, tukala. Mimi nilipewa kipande cha shingo, kigumu kama adhabu. Mumbua akawa bibi ya kaka yangu. Hilo angalau sikuliharibu.

Lakini Mzee wa Kanisa hakukohoa tena. Jioni wageni wetu walirudi kwa lori la ng'ombe lililokuwa linaenda Kibwezi, kina mama wa kwaya na sare zao za bluu katikati ya pembe, kila mtu kwa nauli yake, na Muthama na bibi yake mpya wamebanwa mbele na dereva.

Mimi naandika haya nikiwa Mutomo. Likizo yote nachota maji ya mifugo ya baba ya Mumbua na kulisha mbuzi wake mpaka kabureta ilipike, maana amekubali kuniuzia tena, kwa jasho. Pikapu iko hapa kwa boma, kuku wanalala kwa kiti cha dereva. Kila asubuhi mzee anapita, anabonyeza honi mara moja, disko linalia, ndiyo kengele yangu ya kuamka.

Kwa hivyo wewe unayeenda mahali kunauzwa vitu vizuri na una pesa ya mtu, nakuomba. Nunua kwanza kilichokutoa nyumbani, ndipo uangalie kingine. Usimpe roho yako ruhusa ya kuamua dharura ni nini, roho ni wakili mbaya sana. Na kama una mbuzi, mwache kwao!

Maana siku ile lori likianza kuondoka nilikimbia nikashika ubao wa nyuma, nikaita, "Mum! Na nauli yangu?" Mama akainama kati ya ng'ombe wawili, akanionyesha kile kitambaa chake, mafundo yote yamefunguliwa, akasema:

"Yako niliiweka kwa dharura. Na wewe ndiye unajua dharura ilienda wapi."